Walichokijua Hawakukiandika

Hii ni hotuba niliyoitoa mbele ya waimbaji na walimu wa kwaya, baada ya kwaya yetu kuimba nyimbo mbili. Waliokosa kufika wameiomba, kwa hiyo naiweka hapa yote kama nilivyoisema.

Ndugu waimbaji, walimu wa kwaya, wazee wetu na vijana, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kutusikiliza: asanteni sana.

Mmetusikia hivi punde. Watu kumi na wawili, hakuna kinanda, hakuna kipaza sauti. Na nimewaona mkitazamana. Maswali yenu nayajua, maana tunaulizwa kila tunapoimba. Mbona mko wachache hivyo? Mbona mmeizunguka meza badala ya kupanga mistari na kumtazama mwalimu? Mbona neno lile lile la Kilatini mmelitamka hivi katika wimbo wa kwanza, na vile katika wimbo wa pili? Na zile sauti, mbona zimenyooka kama uzi uliovutwa?

Maswali ni mengi, mzizi wake ni mmoja. Waimbaji wa miaka mia nne iliyopita walituachia karatasi, na karatasi zile hazikuandikwa kwa ajili yetu. Ziliandikwa kwa ajili ya watu waliokuwa wanajua kuimba tayari. Ukimwandikia mtu anayejua, unayaruka yale anayoyajua. Nani kati yenu huwaandikia watoto wake njia ya kufika nyumbani? Kwaya yetu ina kazi moja tu, kuyatafuta yale yaliyorukwa.

Niwape kisa cha Kaisari.

Katika karne ya 17 palikuwa na mwimbaji wa kwaya ya Papa kule Roma, Gregorio Allegri, aliyefariki mwaka 1652. Alitunga Miserere, yaani Zaburi ya 51, ile ya toba: unirehemu, ee Mungu. Iliimbwa Juma Kuu katika kanisa la Sistina, mishumaa ikizimwa mmoja baada ya mwingine, na sifa zake zikaenea Ulaya nzima. Charles Burney, Mwingereza aliyesafiri Italia mwaka 1770 akikusanya habari za muziki, anasimulia kwamba Kaisari Leopold wa Kwanza aliomba nakala ili waimbaji wake wa Vienna waiimbe. Nakala ikatumwa. Waimbaji wa Kaisari walikuwa hodari, wakaisoma, wakaiimba. Na Kaisari akasikia nini? Wimbo mkavu. Sauti chache zimepangwa moja juu ya nyingine, maneno yanasomwa juu yake, basi. Akaona amedanganywa, ametumiwa wimbo mwingine ili siri ibaki Roma. Akamlalamikia Papa, na msimamizi wa kwaya ya Papa akafukuzwa kazi bila hata kusikilizwa.

Baadaye, kwa msaada wa kadinali mmoja, yule msimamizi alipata nafasi ya kujieleza. Akasema nakala ni ya kweli, noti ni zile zile. Ila uzuri wa wimbo ule hauko kwenye noti. Uko katika namna ya kuimba na kupamba noti ambayo watu wa Sistina wanapokezana kwa sikio, mkubwa kwa mdogo, na hakuna awezaye kuiweka kwenye karatasi. Burney anasema Papa mwenyewe, asiyekuwa mjuzi wa muziki, alipata taabu kuelewa jinsi noti zile zile zinavyoweza kusikika tofauti namna hiyo.

Ndugu zangu, Kaisari alikuwa na karatasi sahihi. Alikuwa na waimbaji hodari. Alikosa nini? Alikosa kile ambacho hakikuandikwa.

Na kinachoniuma zaidi ni haya yaliyofuata. Miserere hiyo mnayoisikia leo kwenye rekodi, yenye soprano mmoja anayepaa peke yake hadi do ya juu kabisa, mpaka nywele zinakusimama? Ile do ya juu Allegri hakuiandika. Iliingia kwa makosa ya kunakili katika karne ya 19, pale kipande kilichoandikwa kwa kiwango kingine cha sauti kilipounganishwa na wimbo. Kwa hiyo pambo lililokuwepo likapotea, na noti isiyokuwepo ikawa ndiyo maarufu. Mimi ile do naipenda, sitamkataza mtu kuiimba. Lakini nataka anayeiimba ajue anaimba nini.

Sasa tuje kwenye meza yetu.

Mmeona vile vitabu vidogo vinne, kila kimoja na sauti yake. Kitabu cha soprano kina soprano peke yake. Cha besi kina besi peke yake. Huwezi kuchungulia kuona mwenzako anaimba nini. Hakuna hata mistari ya kugawa vipimo kama mliyoizoea. Noti zinakwenda tu kama mto. Tulipoanza kusomea vitabu hivi, nakala za vilivyochapishwa karne ya 16, watu wazuri kabisa wa kwaya yangu walipotea kabla ya mstari wa pili kwisha. Kila mtu alikuwa amezoea kutazama sauti zote kwenye ukurasa mmoja na kujua yuko wapi kwa macho. Macho yalipofungwa, tukagundua kwamba masikio yetu yalikuwa yamelala miaka mingi.

Ilituchukua miezi. Tukasogeleana, tukazunguka meza, kwa sababu ukiwa na sauti moja mkononi lazima umsikie mwenzako, na ili umsikie lazima uwe karibu naye. Hapo ndipo mstari wetu ulipovunjika. Sikuamuru mimi, kitabu ndicho kilichotusogeza. Na mapigo tuliyapata vipi bila ile mistari? Mtaalamu wa muziki Franchinus Gaffurius aliandika kule Milan, Italia, mwaka 1496 kwamba kipimo cha wakati kilingane na mapigo ya mshipa wa mtu anayepumua kwa utulivu. Mkono unashuka, mkono unapanda. Siku hizi mimi sisimami mbele yao. Mmoja wao hugonga taratibu kwa kidole mezani, na mara nyingi hata hicho kidole hakihitajiki.

Vitabu vya leo vina nyimbo za William Byrd, Mwingereza. Aliishi wakati wa Malkia Elizabeth wa Kwanza, na alikuwa Mkatoliki katika nchi ambamo kusali misa ya Kikatoliki lilikuwa kosa la jinai. Katika miaka ya 1590 alichapisha misa tatu, moja ya sauti nne, moja ya tatu, moja ya tano. Zilitoka bila ukurasa wa mbele, hakuna jina la mchapishaji, hakuna mwaka. Ziliimbiwa wapi? Hakukuwa na kanisa kubwa la kuziimbia. Ziliimbwa majumbani, katika nyumba za watu waliothubutu, milango imefungwa. Mwaka 1605 Mfaransa mmoja, Charles de Ligny, alikamatwa na kutiwa gerezani kwa sababu alikutwa na vitabu vya muziki vya Byrd.

Hebu fikirini. Umekusanyika kwenye chumba cha nyumba ya mtu. Ukigunduliwa, ni jela. Utaleta waimbaji sitini? Utaleta wangapi? Wanne. Watano. Labda mwenye nyumba, binti yake, mgeni na mtumishi. Sasa nichukue misa hiyo niipe kwaya ya watu themanini, waivute polepole, sauti zimejaa ukumbi kama mafuriko. Noti zitakuwa sahihi zote. Na kile chumba kitakuwa kimepotea.

Ndiyo maana tuko wachache. Si kwa kukosa watu! Watu wanaomba kujiunga kila mwaka, nasi huwaambia ukweli, kwamba wimbo huu una nafasi nne.

Gioseffo Zarlino, mtaalamu wa muziki wa Venice, aliandika mwaka 1558 kwamba kanisani na hadharani watu waimbe kwa sauti iliyojaa, lakini chumbani waimbe kwa sauti ya chini zaidi. Sauti ya kanisani, sauti ya chumbani. Waimbaji wa wakati ule walikuwa nazo zote mbili na walijua ipi itoke wapi. Sisi wengi tumebaki na moja.

Nisieleweke vibaya, sisemi uchache ni utakatifu. Bach, mtunzi Mjerumani, Agosti 23 mwaka 1730 aliwaandikia wakuu wa mji wa Leipzig barua ndefu ya malalamiko. Alitaka kila kwaya iwe na waimbaji wasiopungua 12, na ingekuwa vizuri zaidi wakiwa 16. Kwa nini watatu kwa kila sauti? Mwenyewe anaeleza kwamba wanafunzi huugua mara kwa mara, hasa majira kama yale, na mmoja akikosekana angalau wimbo wa kwaya mbili uweze kuimbika. Huyo ni mwalimu wa kwaya, ndugu zangu! Anahesabu mafua. Mnamjua mtu huyo, mmekuwa mtu huyo. Mwaka 1981 mwanamuziki Mmarekani, Joshua Rifkin, alisimama akasema tumeisoma vibaya barua ile. Hao 12 au 16 ni orodha ya watu wa kuchaguliwa, na kwamba mara nyingi Bach alimweka mtu mmoja tu kwenye kila sauti. Wakamjia juu, na ubishi haujaisha mpaka leo. Mimi nimeimba Bach kwa namna zote mbili. Nikiwa na mmoja mmoja nasikia maneno, nikiwa na watatu watatu nasikia umati. Sijaamua, na sioni aibu kusema hivyo.

Lakini kuna ukubwa usio na ubishi. Masihi, wimbo mrefu wa kwaya wa mtunzi Händel, ulipoimbwa mara ya kwanza, Dublin, Aprili 13 mwaka 1742, walioimba walitoka kwenye kwaya za makanisa makuu mawili ya mji ule, watu wa kuhesabika. Mwaka 1784, Westminster Abbey, kwa kumkumbuka Händel, waliimba na kupiga ala watu zaidi ya 500. Mwaka 1859, kwenye jumba la vioo la Crystal Palace, waimbaji walipita 2,000. Wimbo ni ule ule! Na watu elfu mbili hawawezi kukimbia. Mbio zile ndogo ndogo za sauti, ambazo Händel aliziandikia koo chache nyepesi, ikabidi zipunguzwe mwendo. Mwendo ukipungua, pumzi haitoshi. Pumzi isipotosha, sentensi inakatwa. Sentensi ikikatwa, maneno hayaeleweki. Kisha anazaliwa mtoto anayesikia hivyo, anakua, anakuwa mwalimu wa kwaya, na kwake huo ndio Masihi.

Sasa nataka kukaa kidogo kwenye jambo ninalolipenda kuliko yote. Nivumilieni.

Miaka kadhaa iliyopita kinanda tulichozoea kuchukulia sauti kilipelekwa kutengenezwa. Tukabaki na masikio. Nikawaambia, leo hatuimbi wimbo, tunaimba sauti tatu tu: do, mi, so. Besi akashika do. Teno akashika so. Alto akaingia na mi, mi ile ile aliyofundishwa na kinanda tangu utoto. Vizuri, hakuna aliyekosea. Lakini ukisikiliza kwa makini, ndani yake kulikuwa na kitu kinatikisika, uu-uu-uu, kama jino linalocheza. Nikamwambia alto, shusha. Kidogo tu. Akashusha mno, ikawa ya huzuni. Rudi. Tena. Tena. Ukumbi kimya, watu wanamtazama, na yeye amefumba macho. Ile tikisa ikapungua mwendo... ikapungua... ikasimama.

Na ilipotulia, besi wetu aliacha kuimba, akageuka nyuma. Akauliza, "Nani anaimba kule chini?"

Hakukuwa na mtu kule chini.

Naomba mnielewe, hili si jambo la mizimu. Sauti ni mtikisiko wa hewa. Do, mi na so zikiwa safi kabisa, do ikitikisika mara 4, mi hutikisika mara 5, na so mara 6. Nne, tano, sita. Kati ya nne na tano tofauti ni moja. Kati ya tano na sita, moja. Sikio linaikusanya hiyo "moja" na kuisikia kama do nyingine ya chini kabisa, ngazi mbili nzima, yaani toka do hadi do mara mbili, chini ya do ya besi. Hakuna anayeiimba na wote wanaisikia. Lakini inajitokeza waziwazi hivyo pale tu mi inapokaa mahali pake.

Na mi ya kinanda haikai hapo. Mafundi wanaigawa nafasi kati ya kidude kimoja cha kinanda na kinachofuata katika sehemu 100. Mi ya kinanda cha leo iko juu ya mi safi kwa karibu sehemu 14. Si kosa la fundi. Toka do hadi do inayofuata kinanda kina vidude kumi na viwili tu vya kuhudumia kii zote, yaani kila mahali do inapoweza kuanzia, na ili kila kii iimbike ikabidi kila moja ionewe kidogo. Ni mapatano, na yana faida yake. Lakini koo la mwanadamu halina vidude. Kwa nini koo langu lifungwe na mapatano ya chombo ambacho hakiko hata chumbani?

Waimbaji wa karne ya 16 walilijua hili hata bila hesabu, na wenye hesabu waliliandika. Zarlino mwenyewe, mwaka ule ule 1558, alitaka 4 kwa 5 kwa 6. Tena hawakuwa watu wa ndoto. Giovanni Battista Benedetti, mtaalamu wa hisabati, alimwandikia mtunzi Cipriano de Rore kwenye miaka ya 1560 akimwonyesha mtego. Kuna vipande vya wimbo ambavyo, ukiimba kila hatua kwa usafi kamili, unarudi ulipoanzia na kukuta umehama, karibu moja ya tano ya nusu toni, ile nafasi ya kidude hadi kidude. Rudia kipande hicho mara tano, nusu toni nzima imekwenda. Nani kati yenu hajaona kwaya yake ikishuka akawagombeza waimbaji kwamba ni wavivu? Mimi niliwagombeza miaka. Siku nyingine walikuwa wavivu kweli. Lakini siku nyingine walikuwa wanaimba vizuri kuliko nilivyosikia, na wimbo wenyewe ndio uliokuwa unawavuta. Ustadi ni kujua wapi pa kukaza na wapi pa kulegeza, na hilo kinanda hakikufundishi.

Na hapa niwaambie jambo la kuwapa moyo ninyi mnaosoma solfa, ile do, re, mi. Najua wapo waliowadharau, wakasema solfa ni ya wasiojua noti za mistari. Msikubali. Karibu mwaka 1025, mtawa wa Italia, Guido wa Arezzo, alichukua mwanzo wa mistari ya wimbo mmoja wa kanisani akapata ut, re, mi, fa, sol, la, akawafundishia watoto wa kwaya. Waimbaji wa Ulaya, mpaka wa Byrd, walijifunza hivyo. Solfa yetu, iliyotengenezwa na Sarah Glover na John Curwen kule Uingereza katika karne ya 19, ni mjukuu wake. Mwenye solfa haulizi "hii ni kidude gani?" Anauliza "hii ni nini kwa mwenzake?" Mi ni mi kwa sababu do iko pale. Kwa swali hilo, ninyi mko karibu na mwimbaji wa mwaka 1560 kuliko mtu aliyelelewa na kinanda maisha yake yote.

Kiwango cha sauti nitakipita haraka. La ya mitikisiko 440 kwa sekunde, tunayopimia sauti leo, ilikubaliwa kwenye mkutano wa London mwaka 1939. Kabla yake, karibu kila mji ulikuwa na yake. Kule Leipzig kinanda cha mabomba kilikuwa toni nzima juu ya ala nyingine, kwa hiyo karatasi ya mpiga kinanda wa Bach iliandikwa toni moja chini ya wenzake ili wakutane. Soprano wenu akilia kwamba wimbo wa zamani unamchinja, msikilizeni. Huenda unaimbwa juu kuliko ulivyokusudiwa.

Tuje kwenye maneno.

Mwaka 1528 Erasmus, msomi Mholanzi, aliandika kitabu juu ya matamshi ya Kilatini, na ndani yake anasimulia hotuba zilizotolewa mbele ya Kaisari Maximilian. Mfaransa mmoja akasimama akahutubia kwa Kilatini, na Waitalia waliokuwepo wakadhani anasema Kifaransa! Wakafuata wengine wa mataifa mengine, kila mmoja na Kilatini cha kwao, na watu wakishindwa kuzuia kicheko. Wote wasomi, wote Kilatini sahihi, kila mmoja na ulimi wa mama yake.

Sisi wengi tumefundishwa Kilatini kimoja, cha Roma. Kwa wimbo wa Palestrina, mtunzi wa Roma, sawa kabisa. Lakini chukueni neno coeli, mbingu. Roma wanasema "cheli". Mjerumani wa Bach anasema "tseli". Mfaransa anasema "seli". Agnus, mwanakondoo: Roma ni "anyus", Ujerumani ni "ag-nus", g inasikika. Mtu ataniuliza, je, si mambo madogo hayo? Njooni kwenye mazoezi yetu. "Cheli" inataka ulimi ujiandae, inachelewa unywele mmoja. "Seli" inapenya mapema, s yake inatangulia sauti. Watu kumi na wawili wakisema "tseli" kwa pamoja, wimbo unapata ukingo mkali ambao "cheli" haina. Mtunzi aliuandika wimbo akiwa na neno lile sikioni, kama lilivyosemwa kwao. Ndiyo maana mlisikia tofauti kati ya wimbo wa kwanza, wa Mwitaliano, na wa pili, wa Mjerumani. Sikubadilisha kwa kupenda vituko. Kuna mama mmoja hapa mbele aliandika kitu kwenye kikaratasi wakati ule. Mama, nilikuona, na nadhani sasa nimekujibu.

Nimalizie na sauti yenyewe, na hapa ninaungama.

Tulipoanza kwaya hii nilipiga marufuku mtetemo wa sauti, ule unaoitwa vibrato. Wote. Siku zote. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba watu wa zamani waliimba sauti iliyonyooka, nikaifanya sheria. Miezi michache baadaye sauti zilikuwa nyembamba, kavu, za watu wanaojizuia. Soprano mmoja alinifuata baada ya mazoezi, mkono uko kooni, akaniambia, "Mwalimu, naumia." Hakuwa mlalamishi. Nilimnyamazisha siku ile, na ninajuta mpaka leo.

Nikarudi kusoma, safari hii nikisoma kweli. Lodovico Zacconi, mwimbaji na mwandishi Mwitaliano, mwaka 1592 anaisifu sauti inayotetema kidogo. Mtunzi Mozart, katika barua kwa baba yake ya Juni 1778, anamlaumu mwimbaji mmoja aliyekuwa akiitikisa sauti yake makusudi, kisha anasema sauti ya mwanadamu hutetema yenyewe, kwa kiasi ambacho ni kizuri. Hiyo ndiyo asili ya sauti. Si sheria yangu. Si marufuku. Wanazungumzia kiasi, na kiasi ndicho ambacho karatasi haiwezi kukiandika. Siku hizi nawaambia waimbe mpaka mi itulie na maneno yasikike. Mtetemo unaobaki baada ya hapo ni wao, siugusi.

Na kuna mlango ambao hatuufungui. Nyingi ya nyimbo hizi za Roma ziliimbwa na wanaume waliohasiwa wakiwa watoto, ili sauti zao zisivunjike. Alessandro Moreschi, mmoja wa wa mwisho, alirekodiwa mwaka 1902 na 1904, na rekodi zipo, unaweza kuzisikia. Mwaka 1903 Papa Pius wa Kumi aliagiza soprano na alto kanisani ziimbwe na wavulana. Nilipomsikia Moreschi mara ya kwanza nilizima katikati. Nilirudi baada ya siku mbili nikasikiliza mpaka mwisho, kwa ajili yake yeye, si kwa ajili ya muziki. Kuna waliotaabishwa ili wimbo huu uimbwe. Anayeimba kwa kufuata historia lazima alijue na hilo, na ajue pa kusimama. Kwetu sisi soprano ni wanawake. Ferrara, mwaka 1580, mtawala wa mji alikuwa na kundi mashuhuri la waimbaji wanawake, na nyumba za watawa zilijaa wanawake walioimba sauti zote. Ushahidi wetu uko pale.

Sasa nimesema vya kutosha, na wenzangu wanne wamesimama muda mrefu.

Tutaimba Agnus Dei kutoka misa ya Byrd ya sauti nne. Watu wanne, vitabu vinne. Inaanza na soprano na alto peke yao, kisha zinakuwa sauti tatu, na mara ya tatu zinaingia zote nne, mpaka kufika kwenye maneno dona nobis pacem, utupe amani. Sikilizeni hapo. Sauti moja inang'ang'ania noti yake wakati wenzake wamehama, mpaka inaumiza, ndipo inashuka. Na ikishuka, nyingine inaanza kuumiza. Kumbukeni kile chumba na ile milango iliyofungwa.

Ninaomba kitu kimoja. Tukimaliza, msipige makofi mara moja. Ngojeni mwangwi uishe wenyewe, halafu mniambie mlisikia nini kule chini.

Soprano, alto, mko tayari? Sogeeni karibu.